Maji meusi kwenye rediata: tafuta chanzo kabla ya kununua dawa ya kutu

Mwezi wa Julai ukungu wa Molo huchelewa kuondoka, na huo ndio mwezi ambao simu yangu hulia zaidi. Nyumba zenye rediata, yale makopo bapa ya chuma ukutani yanayopitisha maji ya moto ya boila ili kupasha chumba, si nyingi huku kwetu. Ziko za mashamba ya zamani kule Molo, Njoro na Mau Narok, zenye boila ya kuni nyuma ya jiko, na ziko chache mpya zilizojengwa na watu waliokaa ng'ambo wakazoea kulala penye joto. Zote huugua maradhi yale yale, na wenyewe hukimbilia tiba ile ile: chupa ya dawa ya kuzuia kutu.

Mwaka huu mama mmoja wa Njoro mwenye boila ya gesi alinipigia. "Fundi, nimemimina chupa tatu na rediata ya sebuleni bado ni baridi huku chini. Nimeuziwa dawa bandia?"

"Pole, mama. Tangu uiweke, umeongeza maji mara ngapi?"

"Kila Jumamosi. Mshale wa presha unashuka, mimi naongeza."

Dawa yake ilikuwa halisi. Ilikuwa tu imetoka nje kidogo kidogo, na nafasi yake ikachukuliwa na maji mapya yenye oksijeni mpya. Nitaeleza mbele tulichokuta kwake. Kwa sasa, shika maswali matatu: ndani ya mfumo (boila, mabomba na rediata) mna metali gani, maji yaliyojazwa yametoka wapi, na oksijeni inaingilia wapi? Swali la tatu lisipojibiwa, hata dawa ghali kuliko zote dukani haitakusaidia.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Nakuru mjini, mita 1,850 hivi juu ya bahari, maji baridi hubeba oksijeni karibu miligramu 7 kwa lita. Mfumo wa lita 100 ukijazwa mara moja na kufungwa vizuri, oksijeni hiyo yote inaweza kula chuma kisichofika gramu 2, yaani uzito wa msumari mdogo. Baada ya hapo imekwisha. Mfumo uliofungwa kweli huwa na amani hata kabla ya dawa. Unaoozeshwa ni ule unaopata oksijeni kila siku.

Anza na chupa ya maji

Zima moto, acha mfumo upoe. Usiharakishe hapa: Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Molo kwenye 92, kwa hiyo mfumo wa tangi la dari, ule unaolishwa maji na tangi dogo lililo darini, unaozunguka kwenye nyuzi 85 haujabakiza nafasi kubwa kabla ya mvuke. Ukishapoa, fungua koki ya chini kabisa, au legeza nati ya chini ya rediata, ujaze chupa ya plastiki isiyo na rangi. Mwaga lita tano hivi, kisha ujaze chupa ya pili. Ziache zitulie usiku kucha.

Asubuhi tafuta sumaku ya spika iliyoharibika. Ipitishe ubavuni mwa chupa. Tope jeusi laini kama masizi likiifuata sumaku, hiyo ni magnetaiti, kutu inayotokea pale oksijeni ilipo kidogo. Maji ya rangi ya udongo wa barabara, yenye tope jekundu lisilojali sana sumaku, yanasema oksijeni inaingia kwa wingi na bado inaingia. Ute mweupe kama uji mwepesi unaelekeza kwenye alumini. Rangi ya kijani au samawati inaelekeza kwenye shaba. Maji maangavu kabisa nayo si ushahidi wa afya. Huenda tope lote limelala chini ya rediata na halikutikisika.

Chupa hizo mbili zitunze. Utazihitaji tena tukifika kwenye dawa.

Rediata baridi chini, moto juu

Hili ndilo lalamiko la kila siku. Tope la magnetaiti ni zito, hivyo hutulia pale maji yanapopita polepole, yaani chini katikati ya rediata. Maji ya moto hupita juu yake tu. Gusa rediata kwa kiganja kutoka juu kwenda chini: baridi ikianza ghafla, ikiwa na umbo la kilima katikati na miguu miwili ya joto pembeni, basi hilo ni tope.

Hapa watu wengi hukosea. Dawa ya kuzuia kutu haisafishi tope lililokwisha kulala. Kazi yake ni kulinda metali iliyo safi, na ukiimimina juu ya tope, sehemu kubwa hunata kwenye tope na chuma kilicho chini yake hakifikiwi. Kwanza safisha: toa rediata, ipeleke nje, isukume kwa mpira wa maji huku ukiigonga taratibu kwa nyundo ya mpira hadi maji yatoke meupe. Mfumo wenye tope jingi unahitaji kisafishio chake maalum kwa siku kadhaa, kisha usuuzwe vizuri. Kisafishio cha asidi kikibaki ndani kitaendelea kula. Ukiwa na kipimo cha chumvi zilizoyeyuka, kile kidogo kinachouzwa kwa wafugaji wa samaki, pima maji yanayoingia na yanayotoka. Yakikaribiana ndani ya asilimia 10, umesuuza vya kutosha.

Pampu iliyokwama ni mtoto wa tatizo hilo hilo. Pampu za siku hizi zina sumaku ya kudumu kwenye rota, ile sehemu inayozunguka ndani, na magnetaiti huvutwa na sumaku hiyo hadi rota isizunguke. Nimeona watu wakibadilisha pampu tatu kwa miaka minne bila mtu yeyote kuwaambia waweke kichujio cha sumaku kwenye bomba la kurudia, kabla ya boila.

Rediata baridi juu, na hewa haiishi

Ukitoa hewa mara moja na ikaisha, hilo ni jambo la kawaida la mfumo mpya. Ukitoa kila wiki na inarudi, kuna mambo mawili. Ama mfumo unavuta hewa kutoka nje, ama gesi inazaliwa ndani.

Gesi inayozaliwa ndani ni haidrojeni. Chuma kinapogeuka magnetaiti huiachia, na alumini inapoliwa na maji yenye magadi huiachia kwa wingi zaidi. Dalili yake ni kwamba unatoa gesi nyingi, lakini mshale wa presha haukuwa umeshuka kabla ya kuitoa, na chupa ya maji ina weusi au ute mweupe. Wapo mafundi wanaowasha kiberiti mbele ya valvu ya kutolea hewa kuona kama gesi itashika moto. Usifanye hivyo ndani ya nyumba. Chupa ya maji inakupa jibu lile lile bila kumchoma mtu.

Hewa ya kutoka nje huingia pale pampu inapovuta kuliko maji yanavyoweza kufika. Kwenye mifumo ya tangi la dari, sababu ya kwanza ninayoitafuta ni kuziba kwa maungio ambapo bomba la maji baridi linaingia kwenye mzunguko. Magnetaiti hupenda kujikusanya hapo. Chukua ile sumaku ya spika uiweke juu ya bomba la shaba: shaba haivutwi na sumaku, hivyo sumaku ikinata, inanata kwenye tope lililo ndani. Kata kipande hicho ubadilishe. Huna haja ya kukisafisha.

Maji ya rangi ya udongo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa za wateja wangu zinapopotelea.

Kwenye mfumo wa tangi la dari, panda juu wakati pampu inafanya kazi uweke mkono ndani ya tangi dogo. Maji yakiwa vuguvugu, au bomba la kupumulia (lile la kutolea mvuke, linaloishia juu ya tangi) likiwa linatema maji ndani ya tangi, mfumo unaosha maji yake kwenye hewa mchana kutwa. Kila tone linalorudi limebeba oksijeni. Sababu huwa ni pampu iliyowekwa kasi kubwa mno, mabomba yaliyounganishwa mahali pasipofaa, au ule mzibo niliousema. Tangi lisilo na kifuniko nalo linaingiza vumbi na mende, na hao huleta bakteria.

Mwenye boila ya kuni asije akashawishika kuziba bomba hilo la kupumulia ili kuzuia hewa. Moto wa kuni hauzimwi kwa swichi. Maji yakichemka lazima mvuke upate njia ya kutokea. Rekebisha mpangilio wa mabomba, lakini bomba liache wazi.

Kwenye mfumo uliofungwa wenye mshale wa presha, kama wa yule mama wa Njoro, nenda kwanza kwenye tangi la upanuzi, lile jekundu mara nyingi lenye valvu kama ya tairi. Bonyeza valvu hiyo. Yakitoka maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka. Isipotoka kitu, hewa imekwisha. Kwa vyovyote vile, maji yakipata moto hutanuka na hayana pa kwenda, hivyo valvu ya usalama hutema nje. Usiku yakipoa mshale unaanguka, na mwenye nyumba anaongeza. Amekuwa akimwaga dawa na kununua oksijeni kila wiki bila kujua. Tangi lililoishiwa hewa tu hujazwa kwa pampu ya baiskeli hadi baa 1 kwa nyumba ya kawaida, lakini presha ya maji iwe sifuri wakati unajaza, la sivyo kipimo kitakudanganya.

Kisha kuna PPR. Nalisema hili nikijua litawaudhi mafundi wenzangu. Yale mabomba ya plastiki ya kijani au meupe tunayoyachoma kwa mashine ni mazuri sana kwa maji ya kuoga. Kwenye rediata za chuma yana kasoro moja: ukuta wa plastiki tupu hupitisha oksijeni, hasa yakiwa ya moto. Hayavuji hata tone, presha haishuki, na bado oksijeni inaingia usiku na mchana kupitia kwenye ukuta wenyewe. Wajerumani wana kiwango kiitwacho DIN 4726 kinachoweka kikomo cha oksijeni inayoruhusiwa kupita kwenye mabomba ya plastiki ya kupashia nyumba. Dukani uliza PPR yenye tabaka la alumini katikati. Yenye nyuzi za kioo pekee haizuii oksijeni. Nyuzi hizo kazi yake ni kupunguza kurefuka kwa bomba.

Kama mabomba ya plastiki tupu yamekwisha kufukiwa ukutani na huwezi kubomoa, dawa itapunguza makali lakini itaisha haraka, na itakubidi uipime kila miezi mitatu. Wateja wa aina hiyo mimi huwashauri watenganishe: boila na rediata za chuma upande mmoja, mabomba ya plastiki upande wa pili, katikati kibadilisha joto cha chuma kisichoshika kutu. Wakulima wa maua wa Naivasha wanaopasha moto vibanda vyao kwa joto la ardhini hufuata wazo hilo hilo: maji makali ya kisimani hupita upande mmoja wa kibadilisha joto, na maji safi yanayozunguka vibandani hupita upande mwingine.

Matundu ya ukubwa wa sindano

Rediata ya miaka miwili inayotoboka tundu moja dogo, huku sehemu nyingine yote ikiwa nzima, hunifanya niulize swali la aibu: dawa iliwekwa kiasi gani?

Dawa nyingi za kutu hufunika zile sehemu za chuma zinazoyeyuka. Ikiwekwa ya kutosha, inafunika zote. Ikiwekwa nusu, inafunika karibu zote na kuacha madoa machache wazi, kisha nguvu yote ya kutu iliyokuwa imesambaa kwenye rediata nzima inaangukia madoa hayo. Chuma ambacho kingepungua polepole kila mahali kwa miaka mingi kinatobolewa mahali pamoja kwa miezi. Nitriti na molibdeti, kemikali mbili zinazotumika sana kwenye dawa hizi, zote zina tabia hii. Kwa hiyo yule anayegawa chupa moja kati ya nyumba mbili ili kubana matumizi angekuwa salama zaidi asingeweka kabisa.

Niliwahi kukadiria mfumo wa nyumba moja ya Milimani kwa kuhesabu rediata, nikasahau kwamba rediata za chuma cha zamani cha kumiminwa hubeba maji mengi kuliko za bati. Rediata moja ilitoboka kabla ya mwaka kuisha, na nilimlipa mwenye nyumba. Tangu hapo sikadirii. Namwaga mfumo wote kwenye mtungi wa lita 20 na kuhesabu mitungi.

Ute mweupe, na maji ya visima vya Nakuru

Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana sifa ambayo kila mtu wa Nakuru anaijua kwa meno: floridi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huku vinakipita. Kwenye rediata, floridi si adui mkuu. Adui ni kile kinachoandamana nayo: maji haya yana sodiamu na bikaboneti nyingi, na kalisi kidogo. Yanafanana na maji yaliyopitishwa kwenye mashine ya kulainisha. Ukiyachemsha, kaboni dayoksaidi inatoka na pH (kipimo cha uchachu na magadi: ikipanda, magadi yameongezeka) inapanda, mara nyingi kupita 8.5 na hata 9.

Chuma na shaba hufurahia pH hiyo. Alumini haiivumilii. Boila nyingi mpya za gesi zina kibadilisha joto cha alumini ndani, na zile rediata nyepesi zinazong'aa madukani ni alumini tupu. Kwenye maji ya magadi alumini huyeyuka, hutoa haidrojeni, na kuacha ute mweupe unaoziba njia nyembamba za boila. Mwenye nyumba anaona boila inazima yenyewe, fundi anabadilisha sensa, na chanzo kiko kwenye maji.

Kwa mfumo wenye alumini, pH ikae kati ya 6.5 na 8.5. Usijaze maji ya kisima. Jaza maji ya mvua yaliyochujwa, au changanya, kisha weka dawa iliyoandikwa wazi kwamba inafaa alumini, ambayo ndani yake ina kitu cha kushikilia pH isiyumbe. Maji ya mvua peke yake bila dawa ni makali kwa namna nyingine: hayana chumvi za kuyatuliza, hushuka upande wa uchachu, na hula mabomba ya mabati na shaba. Wenzetu wa Kakamega na Bungoma wanayajua maji ya namna hii, kwa kuwa visima vingi vya huko vina uchachu kidogo. Kisumu, maji ya Ziwa Victoria ni laini yenye chumvi chache, hivyo ukoko haukusumbui, ila nayo hayana kinga ya asili dhidi ya kutu.

Kijani, harufu, na mngurumo

Madoa ya kijani kwenye maungio ya shaba mara nyingi ni mabaki ya dawa ya kuchomelea ambayo fundi hakuosha. Yafute na usuuze mfumo. Shaba iliyoyeyuka hata kidogo ni hatari kwa wengine, kwa sababu hujibandika juu ya chuma, zinki au alumini na kuanzisha shimo hapo. Ndiyo maana dawa nzuri huwa na benzotriazoli au toliltriazoli, zinazofunika shaba na shaba ya manjano.

Harufu ya yai viza ni bakteria. Inatokea zaidi kwenye sakafu zinazopashwa joto, ambako maji ni vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 45. Usitumie nitriti hapo, maana wapo bakteria wanaoila. Weka dawa ya kuua bakteria kwanza, kisha dawa ya kutu isiyo na nitriti.

Boila ikinguruma kama birika, kuna ukoko au tope kwenye ukuta wa moto na maji yanachemka chini yake. Ni kazi ya kisafishio, na haina uhusiano na dawa ya kutu.

Wenye sola

Huku Nakuru na zaidi Kisumu, wengi wenu hamna rediata. Mna sola ya maji ya kuoga. Tafadhali soma hapa kwa makini. Ikiwa maji yanayopita kwenye paneli ndiyo yale yale yanayotoka bafuni, usiweke dawa yoyote ya kutu. Tangi la namna hiyo hulindwa na fimbo ya magnesiamu inayoliwa badala ya chuma. Ifungue uitazame kila mwaka au miwili. Ikibaki waya tu, badilisha.

Ikiwa sola yako ni ya mfumo funge, yaani paneli ina maji yake yanayozunguka kwenye koti la tangi, hapo ndipo dawa inahusika. Molo na Timboroa, usiku mkavu wa Januari usio na mawingu, paneli inaweza kuganda hata wakati kipimajoto cha kivulini hakijafika sifuri. Kwa hiyo wenye sola huko hutumia glaikoli, kimiminika cha kuzuia maji yasigande. Iwe propilini glaikoli, yenye dawa ya kutu ndani yake. Dawa ya rejeta ya gari mara nyingi ni ethilini glaikoli, ambayo ni sumu, na koti likitoboka itaingia kwenye maji ya kumwogeshea mtoto. Wapo wanaoitumia kwa kuwa ni rahisi kuipata kwenye kituo cha petroli. Wasiitumie.

Glaikoli ikichemshwa mno, kama pale pampu inapokufa jua likiwa kali, huoza na kuwa asidi. Ukiona imekuwa ya kahawia, ina harufu ya kuungua, na pH imeshuka chini ya 7, mwaga yote na uweke mpya. Kuongeza dawa juu yake hakusaidii. Usiichanganye chini ya asilimia 25, kwa kuwa nyembamba sana inakuwa chakula cha bakteria. Na usiipitishe kwenye mabomba ya mabati, maana huvua zinki na kufanya tope.

Sasa nunua dawa

Umeziba njia za oksijeni, umesafisha, umehesabu mitungi. Kwa nyumba yenye metali mchanganyiko, ambazo ndizo nyingi, mimi hununua dawa ya molibdeti, au ya asidi za kikaboni, yenye azoli ndani (zile benzotriazoli au toliltriazoli) na lebo inayotaja chuma, shaba na alumini kwa majina. Chupa nyingi za nyumbani zinazotoka Ulaya zimepimwa kwa lita 100 hadi 130 za maji, lakini nyingine ni nusu lita na nyingine ni lita nzima, hivyo soma lebo ya hiyo uliyoshika. Usichanganye kampuni mbili.

Nitriti ni nafuu na inafanya kazi nzuri sana kwenye mfumo wa chuma kitupu unaoendeshwa kwa moto mkali, kama wa hoteli au kiwanda, mradi kuna mtu wa kuipima kila mwezi. Nyumbani siipendi. Unga wake unafanana na chumvi ya mezani, na ni sumu kwa mtu na kwa ng'ombe. Usiuweke kwenye kopo jikoni hata kwa dakika tano. Kromati, ile ya njano ya zamani, ukikuta imebaki stoo ya shamba, usiiguse bila gluvu: inasababisha saratani.

Maji unayomwaga yenye dawa usiyaelekeze kwenye mtaro. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, kinachoingia kinabaki.

Baada ya wiki mbili, chota maji tena. Weka msumari uliosuguliwa ukang'aa ndani ya chupa ya maji ya mfumo, na mwingine ndani ya maji ya bomba. Siku mbili zatosha. Wa bomba utashika kutu. Wa mfumo ubaki safi. Ukishika kutu nao, dawa haitoshi. Kumbuka kwamba msumari unasema habari za chuma tu. Kwa alumini tegemea kipimo cha pH, na linganisha rangi na zile chupa mbili za mwanzo. Uingereza, ambako karibu kila nyumba ina rediata, mwongozo wao wa BS 7593 wa mwaka 2019 unataka kichujio kwenye mfumo, maji yapimwe kila mwaka, na dawa iwekwe upya kila miaka 5 isipokuwa maabara ithibitishe kwamba bado ipo. Huku ambako presha ya maji inayumba na mifumo huongezwa maji mara kwa mara, mimi huiweka upya baada ya miaka 2.

Kwa mama wa Njoro, valvu ya tangi la upanuzi ilitoa maji nilipoibonyeza. Tulibadilisha tangi, tukatoa rediata mbili kuzisafisha uwanjani, na mfumo ulibeba mitungi sita na robo, yaani lita 125, ambapo yeye alikuwa akidhani ni 60. Mshale umesimama kwenye baa 1.4 tangu Agosti. Kwenye mlango wa boila nimebandika kadi: aina ya dawa, lita, tarehe, na mstari mtupu ambao ataandika kila mara atakapoongeza maji. Hadi wiki iliyopita mstari ule ulikuwa haujaandikwa kitu.